Kutwa peke yangu kwenye mboji ya Bleaklow

Ukiitazama Bleaklow, mlima wa kaskazini mwa Uingereza, kwenye ramani huoni cha kuogopesha. Kilele chake, Bleaklow Head, kipo mita 633 tu juu ya usawa wa bahari. Mwanza nilikokulia, ukisimama ufukweni miguu ikiwa majini, tayari uko juu kwa zaidi ya mita 1,100. Bleaklow haina jabali la kuparamia wala haihitaji kamba. Hata hivyo watu wanaotembea milima ya kaskazini mwa Uingereza huitaja kwa heshima, na baada ya kuivuka peke yangu mwezi wa Juni, kutoka asubuhi hadi jioni, nami naitaja hivyo hivyo. Mlima ule hauna ncha. Juu ni uwanda mpana wa mboji nyeusi iliyoloa, yaani udongo wa mimea iliyokufa isiyooza vizuri, umekatwakatwa na makorongo, kila upande unafanana na mwenzake. Ukungu ukishuka, mtu anaweza kutembea nusu saa akiamini anaelekea kaskazini kumbe ameshageuka zamani.

Ninaishi Manchester na kazi yangu ni ya zamu. Siku zangu za mapumziko huangukia Jumanne au Alhamisi, wakati marafiki wako kazini, ndiyo maana mara nyingi natembea peke yangu. Ndugu zangu nyumbani huniuliza kama si hatari. Ni hatari, na sehemu kubwa ya hatari hiyo inapunguzwa jana yake usiku, mezani, kabla hata ya kugusa viatu. Mkiwa wanne, mmoja akianza kuishiwa nguvu wenzake wanaona, mnajadiliana, mnageuza. Ukiwa peke yako, anayeamua ni yule yule aliyechoka, aliyeloa, mwenye njaa, na ambaye anatamani sana kufika kwa kuwa amelipa nauli ya treni. Mtu huyo simwamini na maamuzi makubwa. Kwa hiyo naamua kabla, nikiwa mkavu na nimeshiba.

Naandika kwenye karatasi njia nitakayopita, mahali ninapoweza kukatiza kurudi, na saa ya kugeuza. Mara hii iliandikwa hivi: Glossop, Doctor's Gate, Higher Shelf Stones, Bleaklow Head, Torside, Hadfield. Kama hadi saa tisa alasiri sijafika Bleaklow Head, narudi nilikotoka. Kama hadi saa mbili usiku sijapiga simu, pigeni 999, ombeni polisi, waambieni mnahitaji waokoaji wa milimani. Mke wangu aliisoma, akauliza, "Nikisubiri hata robo saa zaidi kuna ubaya?"

"Usisubiri, mke wangu. Ikifika saa mbili, piga."

Akaibandika kwenye mlango wa friji. Waokoaji wale ni watu wa kujitolea, hawalipwi, wanaacha kazi zao na chakula cha jioni kwenda kutafuta watu wasiowajua. Glossop wana timu yao. Karatasi ile pia ni heshima kwao, maana inawaonyesha pa kuanzia.

Kukadiria muda kuna kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye njia kavu inakaribia ukweli. Kwenye mboji haifai kabisa ukiichukua ilivyo. Mimi nikitoka kwenye njia iliyotengenezwa nahesabu kilomita 2 kwa saa, na hapo bado sijaweka muda wa kula wala wa kusimama kusoma ramani. Njia nzima ilikuwa kilomita 20 na ushee. Juni huku jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo mwanga ulikuwepo wa kutosha, na tochi ya kichwani niliibeba vile vile.

Babu yangu alilima pamba Kwimba maisha yake yote, nami nimesomeshwa kwa pamba. Kwenye Bleaklow pamba haivaliwi. Fulana ya pamba ikiloa inashika maji, inaganda mwilini, na upepo ukipiga joto lote linaondoka. Unaweza kupata baridi kali ya kuhatarisha maisha hata mwezi wa Juni. Ndani navaa sufu nyepesi, juu koti lisilopitisha maji, miguuni vile vifuniko vinavyofunga kiatu hadi chini ya goti ili tope lisiingie. Kwenye begi naweka soksi nyingine za sufu na sweta ndani ya mfuko wa plastiki. Chakula ni chapati na mayai, karanga za kukaanga, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Karanga zikae mfuko wa nje, utazila ukitembea.

Treni kutoka Manchester Piccadilly hadi Glossop ni kama nusu saa. Kutoka mjini unapita Old Glossop, nyumba za mawe, halafu unafuata kijito cha Shelf Brook kwenye njia ya kale inayoitwa Doctor's Gate. Bonde ni la kijani, kondoo wako kila mahali, na kadiri unavyopanda bonde linabana. Huko hakuna la kusumbua. Kazi yako ni kupanda taratibu, usitoe jasho likalowesha nguo za ndani.

Juu, njia hiyo inakutana na Pennine Way, njia ndefu ya kwanza ya kitaifa Uingereza, iliyofunguliwa 1965, kilomita zipatazo 430 kutoka Edale hadi mpakani mwa Scotland. Pale nilikuta mawe bapa yamepangwa moja baada ya jingine juu ya tope. Nilikaa juu ya jiwe mojawapo kunywa chai. Mengi ya mawe hayo yalikuwa sakafu za viwanda vya nguo vya Lancashire. Viwanda vilipobomolewa, mawe yakabebwa kwa helikopta yakatandazwa huku juu, kwa kuwa nyayo za watu zilikuwa zimeichana mboji hadi njia ikawa pana kama barabara. Mengine yamelika katikati, pale wafanyakazi walipokuwa wakisimama na kupita. Mwaka 1902 wenye viwanda vya eneo hili waliunda chama cha British Cotton Growing Association ili kutafuta pamba ndani ya himaya. Uganda ikalimishwa pamba, na baadaye Usukuma ikawa shamba kubwa la pamba la Tanganyika. Nilipapasa lile jiwe kwa kiganja, likiwa laini kabisa, nikamfikiria babu akipeleka magunia yake kwenye mizani ya ushirika. Sikutegemea kumkumbuka huko.

Kusini, ng'ambo ya barabara ya Snake Pass, unaona mgongo wa Kinder Scout. Ardhi yote hii ilikuwa ya wenye mashamba ya kuwindia ndege, na mtu wa kawaida wa Manchester akipanda alifukuzwa na walinzi. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana wafanyakazi, miongoni mwa viongozi wao Benny Rothman wa umri wa miaka 20, waliingia Kinder kwa makusudi. Watano walifungwa jela. Hifadhi ya Taifa ya Peak District ikaja 1951, ya kwanza Uingereza, na sheria ya mwaka 2000 ikatoa haki ya kutembea kwa miguu kwenye nyika hizi bila kubanwa njiani. Haki hiyo ndiyo iliyoniruhusu mimi, mgeni, kuacha njia na kukata uwandani bila kuomba ruhusa kwa mtu. Siichukulii kirahisi.

Baada ya mawe kuisha ndipo mlima unapoanza kufundisha.

Mboji ni mimea iliyokufa ambayo haikuoza kabisa kwa sababu maji yameizuia hewa. Inajengeka polepole, kama milimita moja kwa mwaka, na sehemu nyingine za hapa ina kina cha mita 2, 3, hata 4. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Ukiikanyaga bila kuchagua, unakanyaga maji yaliyoshikiliwa na nyuzi. Mimi nimekulia kwenye majaruba ya mpunga, najua tope, lakini tope la jaruba lina sakafu ngumu chini na tuta la kutembelea pembeni. Hapa sakafu inaweza kuwa mbali na matuta hayakuchongwa na mtu.

Kinachokusaidia ni mimea. Kijani kinachong'aa sana, laini, kinachovutia kukanyaga, hicho ni sfagnamu, mmea mdogo unaoweza kushika maji mara 20 ya uzito wake mkavu. Usikanyage hapo, kwa usalama wako na kwa usalama wake. Majani membamba marefu yaliyosimama wima kama sindano huonyesha maji yanayopita chini. Nyasi za pamba, ambazo Juni zinatoa vishungi vyeupe uwanda mzima, zipo za aina mbili: zile zilizotawanyika moja moja zinaota penye maji, na zile za mafungu magumu zinakupa mahali pa kuweka kiatu ukilenga katikati ya shina lake. Vichaka vya heather na vya beri ndogo za bluu vinapenda pakavu zaidi, na ukiviona vimeshikana ujue hapo unapita. Mboji tupu nyeusi ndiyo ya kuchunga. Juani hufanya ganda la juu, lina mipasuko, linaonekana kavu kabisa, na chini yake ni uji.

Kwa hiyo fimbo inatangulia. Naichomeka mbele, naiegemea, ndipo mguu unafuata. Kwenye korongo moja karibu na kijito cha Hern Clough fimbo ilisimama vizuri, nikahamisha uzito, na mguu wa kulia ukazama hadi gotini. Mboji ya baridi inashika kiatu kwa nguvu ya ajabu. Ukivuta juu moja kwa moja unazamisha mguu wa pili, au unatoka bila kiatu. Nilikaa chini, nikaegemea nyuma kwenye nyasi ili uzito usambae, nikawa nachezesha kisigino mbele na nyuma taratibu hadi hewa ikaingia pembeni ya kiatu na ikatoa mlio. Ilinichukua dakika kadhaa. Kamba za kiatu zilikuwa zimefungwa kwa nguvu tangu asubuhi, kiatu kikatoka nami. Hapo hapo nilibadilisha soksi, nikala, ndipo nikaendelea. Kula baada ya mshtuko mdogo kunarudisha akili.

Makorongo nayo yana siri yake. Ukitazama kutoka juu unataka kuyakwepa, kumbe mengi yamechimbika hadi kwenye mchanga na changarawe, na ukishuka ndani unatembea pakavu kuliko juu. Ubaya wake ni kwamba yanapinda. Dakika tano ndani ya korongo na umepoteza mwelekeo, kuta nyeusi za mboji zinakuzidi kimo na huoni kitu ila anga. Mimi nikiingia humo natazama dira kila kona, na nikiona korongo limeacha mwelekeo wangu natoka hata kama ni pazuri.

Kutoka Hern Clough niliacha Pennine Way, nikakata magharibi kuelekea Higher Shelf Stones. Karibu na pale kuna mabaki ya ndege ya Jeshi la Anga la Marekani, B-29 iliyoitwa Over Exposed. Tarehe 3 Novemba 1948 ilikuwa katika safari fupi kutoka Scampton kwenda Burtonwood, ikaingia kwenye wingu na kugonga mlima. Watu wote 13 waliokuwemo walikufa. Injini bado zipo zimelala kwenye mboji, vipande vya alumini vimetapakaa, na kuna jiwe la kumbukumbu ambalo watu huweka maua mekundu ya karatasi. Nilivua kofia, nikasoma Fatiha, nikasimama kidogo. Hakuna aliyekuwa karibu. Kuna watu hubeba vipande kama ukumbusho, na jambo hilo linaniuma. Pale ni mahali walipofia watu.

Ukungu ulifika nikiwa bado nimesimama pale. Ulitoka magharibi, ukafunika nguzo ya mawe ya wapima ramani, halafu injini ya mbali, halafu nikabaki na duara la mita 30 hivi. Saa ilikuwa saba na nusu mchana. Saa ya kugeuza ilikuwa bado, nguo zilikuwa kavu, na kutoka pale hadi Bleaklow Head ni kilomita moja na kidogo upande wa kaskazini. Niliitoa dira.

Simu yenye ramani ninayo, na nina betri ya akiba. Lakini baridi inaua chaji, skrini iliyoloa haisikii kidole, na mtandao kule juu unakuja na kuondoka. Simu nailinda kwa ajili ya kuita msaada. (Ukiishi Uingereza, tuma neno "register" kwenda 999 leo hii. Ukishasajiliwa unaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale ambapo sauti haipiti.) Kutembea natembea kwa dira na hatua. Nyumbani nilijipima kwenye uwanja wa mpira: mita 100 ni mguu wa kushoto mara 65. Kwenye mboji naihesabu 80, kwa sababu hatua zinakuwa fupi na za kuruka.

Kufuata dira mstari mnyoofu juu ya Bleaklow hakuwezekani, makorongo hayakuruhusu. Unachofanya ni kuchagua kitu kilicho kwenye mstari ndani ya upeo wa macho yako, kichaka chenye umbo la kukumbukika au jiwe, halafu unakifikia kwa njia yoyote iliyo imara, hata kama ni kwa kuzunguka. Ukifika unasimama, unapima tena, unachagua kingine. Pia sikulenga kilele moja kwa moja. Nilikata safari vipande: kwanza mawe ya Hern Stones, kisha Wain Stones, kisha kilele. Vipande vifupi, kila kimoja na idadi yake ya hatua, na kila kimoja nikijua nitafanya nini hesabu ikiisha bila kuona kitu. Wain Stones nilizitambua mara moja, miamba miwili iliyoelekeana kama nyuso zinazotaka kubusiana. Nilicheka kwa furaha, peke yangu, kwa sauti.

Bleaklow Head ni rundo kubwa la mawe lenye nguzo ya mti katikati. Saa nane na dakika ishirini. Ndege mmoja jamii ya kwale aliruka kutoka miguuni mwangu akipiga kelele, na mbele kidogo ndege mwingine, golden plover, alilia mlio wake mmoja wa huzuni, akikimbia hatua chache na kusimama, akikimbia na kusimama. Nilijua ana makinda karibu, nikazunguka mbali. Ndege wengi wa hapa wanataga chini, na Juni mtu anayetembea nje ya njia anatakiwa kuwa na macho.

Ukungu ulipoanza kupasuka niliona jambo nililokuwa nimelisikia tu. Ndani ya makorongo kumejengwa vizuizi vya mawe, kimoja baada ya kingine, na nyuma ya kila kizuizi kuna dimbwi, na pembeni mwa dimbwi kijani cha sfagnamu kinarudi. Moshi wa viwanda vya Manchester, kwa zaidi ya karne moja, uliinyeshea milima hii salfa hadi sfagnamu ikafa. Mioto na kondoo vikamalizia. Mboji ikabaki uchi, ikawa inapeperushwa na upepo na kubebwa na mvua hadi kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Tangu 2003 ubia wa Moors for the Future umekuwa ukimwaga chokaa na mbegu, kutandaza matawi ya heather, kuziba makorongo, na kupanda sfagnamu kwa mkono, shina kwa shina.

Mboji ikikauka inaachia kaboni iliyohifadhi kwa maelfu ya miaka. Ardhi za namna hii ni asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, ila zinashikilia karibu theluthi ya kaboni yote ya udongoni. Bonde la Kongo lina eneo kubwa mno la kinamasi cha mboji, lililokadiriwa kuwa kama kilomita za mraba 145,000 lilipopimwa na kutangazwa mwaka 2017 tu, kwa kazi ya wanasayansi wakiwemo wa Kongo-Brazzaville na wa Chuo Kikuu cha Leeds, mji ambao hauko mbali na nilipokuwa nimesimama. Manchester imeshaonyesha gharama ya kuiharibu. Natamani viongozi wetu waje wayaone haya makorongo kabla hawajagawa vitalu vya mafuta kule.

Kushuka kwenda Torside ndiko kunakotaka utulivu. Njia inapita ukingoni juu ya bonde la Torside Clough, nyembamba, shimo liko kulia kwako, na magoti yamechoka. Hapo nilipunguza mwendo kuliko mahali pengine popote, nikaweka mikono yote kwenye fimbo. Chini yanaonekana mabwawa ya Longdendale, yaliyoanza kujengwa 1848 chini ya mhandisi John Frederic Bateman ili Manchester ipate maji. Ukishafika Torside unaingia kwenye tuta la reli ya zamani iliyofungwa 1981, sasa ni njia tambarare hadi kituo cha Hadfield. Nilimpigia mke wangu saa kumi na mbili kasoro robo, karatasi ikatoka kwenye friji.

Kijana mmoja wa Tabora ninayefanya naye kazi aliona picha, akasema, "Kaka, wiki ijayo naenda na mimi, nipe njia." Sikumpa njia yote. Nilimwambia aanze na Doctor's Gate peke yake, apande hadi kwenye mawe bapa, ale pale, arudi alikotoka, siku ambayo utabiri ni mzuri. Anunue ramani ya karatasi ya Ordnance Survey ya Dark Peak, ile ya 1:25,000, na filimbi: milio sita, tulia dakika moja, rudia. Dira nitamfundisha mwenyewe bustanini, kwa sababu pale akipotea anakutana na duka. Aliniuliza kama viatu vyake vya mazoezi vitafaa. Nimemwambia namba ya kiatu chake aniandikie, nina jozi ya zamani ambayo bado haivuji.